Seli Inayojiua Si Shujaa

Ziwa Magadi, kusini-magharibi mwa Kaunti ya Kajiado, si mahali pa kuogelea. Maji yake ni magadi matupu, yale yale ambayo mama zetu hutia kwenye maharagwe yaive haraka, ila hapa yamekolea hadi pH inapita 10. Wakati wa kiangazi sehemu kubwa ya ziwa huwa ukoko mweupe wenye mabaka ya waridi. Rangi hiyo hasa inatokana na viumbe hai, mabilioni ya seli zisizoonekana kwa macho, ambazo zimezoea chumvi kiasi kwamba ukizitia kwenye maji ya bomba zinapasuka. Mwaka wa 1984 watafiti watatu, Tindall, Ross na Grant, walizieleza aina kadhaa za seli za namna hii. Moja wakaiita Natronobacterium magadii. Leo inaitwa Natrialba magadii. Neno letu la jikoni limo kwenye jina la Kilatini, na jambo hilo hunifurahisha kuliko inavyostahili.

Kwa ukoo hizi si bakteria hasa, ni arkea, binamu wa mbali wanaofanana nao kwa umbo. Lakini shida yao na ya bakteria ni moja. Wote wanawindwa na virusi.

Virusi vya Magadi vilijulikana kwa bahati. Kikundi cha Angela Witte, huko Vienna, kiliona seli za Natrialba zikipasuka zenyewe ndani ya chombo walimozikuza. Mwaka wa 1997 wakatangaza kirusi walichokikuta humo, wakakiita φCh1. Nilipokisoma kisa hiki sikujali sana umbo lake wala urefu wa DNA yake. Kilichonishika ni maelezo ya pembeni: baadhi ya virusi hivyo vimebeba DNA yenye mhuri, na miaka michache baadaye ikaonekana kwamba kirusi chenyewe kina jeni ya kutengeneza mhuri huo. Kwa lugha ya mtaani, ni mtu anayetembea na mashine ya kuchapa vitambulisho.

Ili uone uzito wa hilo inabidi ujue mhuri ni wa nini. Chukua E. coli, bakteria wa utumboni. Aina fulani zake zina kimeng'enya kinachoitwa EcoRI, na kazi yake ni kukata. Kinapita juu ya DNA kikitafuta herufi sita zikifuatana, GAATTC, na kikizipata kinakata kati ya G na A. DNA ya kirusi ikiingia ikiwa na herufi hizo, inakatwa vipande kabla haijaanza kutoa amri. Sasa tatizo ni kwamba herufi hizo hizo ziko pia ndani ya DNA ya bakteria mwenyewe, mahali pengi. Kwa nini hajikati? Kwa sababu mkasi unakuja pamoja na mwenzake, kimeng'enya cha pili kinachopachika kikundi kidogo cha methili juu ya mojawapo ya zile A. Penye alama hiyo mkasi unapita. Pasipo na alama unakata. Werner Arber, Hamilton Smith na Daniel Nathans walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1978 kwa kazi iliyotokana na mkasi huu, na uhandisi mwingi wa jeni uliofuata ulianzia hapo.

Angalia mkasi unajua nini. Haujui hatari. DNA inayoingia inaweza kuwa ya kirusi cha kuua, au kipande chenye jeni ambayo ingemsaidia bakteria kuishi mahali papya. Zote zisizo na alama zinakatwa sawasawa. Na upande wa pili, kirusi kikiponea chupuchupu, labda mkasi ulichelewa kidogo, kile kimeng'enya cha mhuri hakikiulizi kilikotoka. Kinakigonga mhuri. Nakala zote zinazozaliwa humo zinatoka na alama, na kuanzia hapo kila seli ya aina ile inazipokea kama za nyumbani. Salvador Luria na Mary Human waliliona jambo hili mwaka wa 1952, kabla mtu yeyote hajajua mkasi upo: virusi vilibadilika tabia kulingana na nyumba vilimokulia mara ya mwisho, na ukivilea kwingine vinarudi kuwa wageni tena. Hakuna kilichobadilika katika herufi zao, ni mhuri tu.

Mimi naishi Kitengela, na sijui mji mwingine ambapo swali la nani mwenyeji linaulizwa kwa sauti ya chini namna hii. Kila mtu hapa ametoka mahali. Mkamba, Mkikuyu, Mluhya, Mjaluo, Mkisii, wote wamenunua ploti au wanapanga kwa aliyenunua. Mmaasai aliyeuza naye, ukirudi nyuma, babu zake walisukumwa kwenye hifadhi hii ya kusini kwa mikataba ya 1904 na 1911, ili walowezi wapate Laikipia na Bonde la Ufa. Ranchi ya kikundi ikagawanywa, hati zikatoka, ua zikapanda, na nyumbu waliokuwa wakishuka kutoka Mbuga ya Nairobi wakakuta seng'enge. Kila geti lina askari na daftari. Unaandika jina, namba ya kitambulisho, unakoenda. Simlaumu askari. Lakini daftari lake, kama ule mkasi, halina safu ya "huyu amekuja kufanya nini hasa", na mwizi akija na kitambulisho safi anaandikishwa vizuri kabisa.

Wazee wetu walilijua hili. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe ni kipimo tofauti na mhuri: linampima mtu kwa anachofanya shambani, na linampa njia ya kuacha kuwa mgeni kwa kazi yake mwenyewe. Kipande, kile kibali ambacho wakoloni waliwavisha Waafrika wanaume shingoni baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kilikuwa mhuri mtupu. Kilimwambia polisi bwana wako nani, na hakikusema wewe ni nani.

Lakini sikukaa chini kuandika kuhusu mihuri. Nilitaka kufika kwenye kujiua.

Bakteria wana ngome nyingi, na baada ya mkasi inayojulikana zaidi ni CRISPR. Hiyo nitaipitia haraka, maana imeandikwa sana tangu Charpentier na Doudna wapate Nobel ya 2020. Seli iliyonusurika huchukua kipande kifupi cha DNA ya kirusi na kukihifadhi ndani ya DNA yake yenyewe, kama polisi anayeweka picha ya mhalifu kwenye faili. Kirusi kikirudi, nakala ya picha hiyo inaongoza protini ya kukata hadi mahali penyewe. Mwaka wa 2007 jambo hili lilithibitishwa kwa bakteria wa mtindi, Streptococcus thermophilus, na watafiti wa kampuni iliyokuwa ikiuza hamira ya mtindi na kuchoshwa na virusi vinavyoharibu maziwa. Uzuri wake ni kwamba seli inaukumbuka uvamizi na kuurithisha. Natronobacterium gregoryi, wa Magadi vilevile, ana chombo kingine cha jamii hii ya kukata kwa kuongozwa, kiitwacho Argonaute. Mwaka wa 2016 maabara moja ya China ilitangaza kwamba chombo hicho kinaweza kuhariri jeni za binadamu kushinda CRISPR. Wengine wakajaribu, wakashindwa kurudia matokeo, na mwaka wa 2017 makala ikaondolewa. Hivyo ndivyo Kajiado ilivyopata umaarufu wa mwaka mmoja bila watu wengi wa Kajiado kusikia.

Ngome ya mwisho ndiyo ngumu. Mkasi umeshindwa, kumbukumbu haipo, kirusi kimeshaingia na kinaanza kujinakili. Kirusi kama T4 kinahitaji kama dakika 25 hadi 30 kutoka kuingia hadi kupasua seli na kutoa watoto wake, mara nyingi zaidi ya 100. Seli nyingi, zikifika hapo, zinajiua kabla dakika hizo hazijaisha. Nyingine zina sumu yao ya ndani ambayo kawaida imefungwa kwa dawa yake. Kirusi kikivuruga mambo, dawa inaisha, sumu inabaki. Aina fulani ya E. coli ina protini iitwayo PrrC, ambayo inakaa kimya imeshikamana na mkasi mmoja. T4 ikija na protini yake ndogo ya kuuzima mkasi, kitendo hicho hicho cha kuuzima kinaiamsha PrrC, nayo inakata vibebeo vya lisini ambavyo seli haiwezi kutengeneza protini bila kuwa navyo. Yaani mwizi akikata waya wa kengele, kuukata ndiko kunakoipiga kengele ya pili, na kengele hiyo inaiteketeza nyumba. (T4, bila aibu, imebeba vifaa vya kukarabati vibebeo hivyo. Vita hivi havina mwisho.) Kirusi kinabaki ndani ya maiti, bila watoto wa kupeleka kwa majirani.

Hapa ndipo lugha inapoanza kututeka. Vitabu na video husema seli "inajitoa mhanga" kwa ajili ya jamii. Nimesikia mhubiri akilitumia, na nimemsikia mwanasiasa akilitumia, kila mmoja kwa faida yake: kama hata kijidudu kisicho na akili kinajua kufa kwa ajili ya wenzake, wewe binadamu unalalamikia nini?

Nina jibu, na limekaa nami tangu Aprili 2020.

Kisa cha kwanza cha korona Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi mwaka huo. Kafyu ikaanza tarehe 27, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Halafu tarehe 6 Aprili serikali ikafunga eneo la jiji la Nairobi na viunga vyake: hakuna kuingia, hakuna kutoka. Mstari ulipita ndani ya Kajiado. Kitengela, Rongai, Kiserian na Ngong zilikuwa ndani. Isinya na mji wa Kajiado zilikuwa nje. Mstari huo ulikaa hadi tarehe 7 Julai.

Shangazi yangu huuza nyanya sokoni Kitengela. Alikuwa akipanda gari la mizigo usiku kwenda upande wa Loitokitok, anachagua shambani mwenyewe, anashindana bei kwa macho na mkulima, anarudi na kreti zake alfajiri. Mizigo ya chakula iliruhusiwa kupita kizuizini. Abiria hawakuruhusiwa. Kwa hiyo nyanya zilipita na mwenye nyanya hakupita. Alinunua kwa simu kwa watu ambao sasa walijua hawezi kuja kuangalia, na kreti zilifika zikiwa na tabaka moja zuri juu. Kufikia Juni alikuwa amekula mtaji wake wote na wa chama. Unafuu uliotangazwa ulikuwa kuondolewa ushuru wa mshahara kwa wanaopata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi, na VAT kushuka kutoka asilimia 16 hadi 14. Shangazi hana hati ya mshahara. Kulikuwa na pesa za wazee na mayatima pia. Yeye si mzee wala yatima. Alipolalamika, binamu yangu anayefanya kazi ya afya alimwambia, kwa upole kabisa, "Shangazi, hii ni kujitolea kwa ajili ya wengine." Akanyamaza kidogo, halafu akamjibu, "Kujitolea ni kwangu mimi, mwanangu. Hii nimetolewa."

Sisemi mstari ulikuwa kosa. Virusi vilikuwa vimejaa zaidi ndani kuliko nje, na wazee wa mashambani huko Kajiado hawakuwa na hospitali ya kuwapokea. Kama ningekuwa mimi wa kuamua pengine ningeuchora pale pale. Ninachokataa ni kule kuazima hadhi kutoka kwa bakteria.

Tazama ni nani jirani wa ile seli. Bakteria huzaana kwa kugawanyika. Seli moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, na kundi linalokaa pamoja mara nyingi ni nakala za mama mmoja. Seli inapojiua, jeni iliyoiambia ijiue iko nzima ndani ya jirani, na jirani anaishi kuizaa tena. William Hamilton alieleza hesabu ya namna hii mwaka wa 1964: kujinyima kwa ajili ya ndugu kunaweza kuenea kwa sababu ndugu wamebeba kile kile kinachosababisha kujinyima. Kwa nakala, hesabu ni rahisi mno. Ukiiweka seli hiyo hiyo katikati ya wageni wa ukoo mwingine, kufa kwake kunawanufaisha washindani, na jeni ya kujiua inapotea. Kwa maneno mengine, kile tunachokiita kujitoa mhanga kwa bakteria kiko karibu zaidi na mtu anayekata ukucha uliooza.

Sasa Kitengela. Shangazi na mtu wa Kajiado mjini, au wa Bissil, si nakala za mama mmoja. Huenda wasielewane lugha ya nyumbani. Akipoteza mtaji wake, hakuna kipande chake kilichohifadhiwa ndani ya yule mzee aliyeokolewa. Hasara yake ni yake yote. Na ndiyo maana, kama angelipa kwa hiari, lingekuwa jambo kubwa kuliko lolote ambalo bakteria amewahi kufanya. Na kwa kuwa hakulipa kwa hiari, kuna deni. Seli iliyokufa haidai mtu. Haipo, na hata ingekuwepo, ingejidai yenyewe.

Binamu yangu alikuwa na hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Alisema dharura haina nafasi ya kuuliza. Ukiita baraza la kila soko, ugonjwa umeshapita mstari. Ni hoja ya dakika 25: PrrC haingojei kura. Lakini tuhesabu. Kutoka tarehe 13 Machi hadi 6 Aprili ni siku 24. Katika siku hizo ziliandikwa kanuni za kafyu, kanuni za matatu, kanuni za barakoa. Sisemi kila mtu angeulizwa kabla. Kuna namna ya kuuliza baadaye pia: kurudi kwa waliobaki ndani ya mstari na kusema, tulichukua kwenu kitu, hebu tuandike ni nini. Soko la Kitengela lina wenyekiti wake. Vyama vina madaftari yenye tarehe na kiasi. Daftari la chama cha shangazi linaonyesha mwezi hadi mwezi nani alishindwa kuweka na kuanzia lini. Si ushahidi wa kubahatisha, ni kalamu na karatasi.

Mwaka wa 2019, kabla ya haya yote, kikundi cha Marraffini huko New York kilionyesha kwamba aina fulani ya CRISPR, ile inayotumia protini ya Cas13, haikati DNA ya kirusi. Inakata RNA, na ikianza inakata ya kila mtu, ya kirusi na ya seli yenyewe. Seli ya Listeria iliyoambukizwa haigawanyiki tena, inalala. Kirusi kinakwama ndani ya aliyelala na jirani wanapona, hata dhidi ya virusi vipya ambavyo vingejifunza kukwepa. Nilipoisoma niliwaza, hii ndiyo kafyu. Halafu nikawaza ni nani kati yetu alilala mwaka ule, na nani alilazwa. Waliokuwa na mshahara walifanya kazi nyumbani, na wengi wao waliamka Julai mahali pale pale walipolala. Shangazi aliamka akiwa na deni la kreti 40 na jirani mpya kwenye kibanda chake, mwenye mtaji, ambaye alikuwa ameuza maziwa na mboga muda wote bila kuhitaji kuvuka mstari wowote.

Alianza upya na sukuma wiki, kwa sababu sukuma inalimwa karibu na huhitaji kuifuata usiku. Nyanya alirudia mwaka uliofuata. Chama kilikubali kumsamehe miezi mitatu baada ya kikao kirefu ambamo kila mwanachama alisema yaliyompata yeye, mmoja mmoja, na katibu akaandika.